Mkate wa Mfadhili

Juzi niliitwa kwenye semina ya wakulima wa ufuta pale Ruangwa mjini. Ilipofika saa nne wakaleta chai, na pamoja na chai wakaleta masinia ya mikate iliyokatwa na chapati zilizokunjwa. Harufu ya mkate mpya iliingia ukumbini kabla ya sinia lenyewe. Wenzangu wakasimama kupanga foleni. Mimi nikabaki kitini, nikafungua kopo langu lenye ming'oko, mizizi ya porini niliyoichemsha alfajiri, na karanga kidogo pembeni. Kijana aliyekuwa akisimamia chakula akanijia na kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba dada, hapa tumeandaliwa, ukila vya kutoka nyumbani itaonekana umewadharau waliotualika. Nikamwambia sili ngano, inanidhuru. Akacheka, akaniuliza kama nimekuwa Mzungu.

Nikaendelea kula mbele yake, na nikajua kwamba hasira iliyonipanda haikuwa ya kijana yule. Ilikuwa hasira ya msichana wa darasa la sita, na nimeibeba miaka yote hii bila kuitua mahali. Leo naitua.

Nilizaliwa Nambambo, upande wa Nachingwea. Baba yangu ni Mmwera, mama yangu Mmakua, wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Tangu nilipoanza kujitambua nilikuwa mtoto wa tumbo. Miguu yangu ilikuwa myembamba kama ya kuku, mashavu yameingia ndani, lakini tumbo lilitangulia mbele kama ngoma, na kila nilichokula kilitoka mbio. Nilinyweshwa dawa za minyoo mpaka nadhani hata minyoo ilinionea huruma. Nilichanjwa chale. Jirani mmoja alisema nimetupiwa kitu na ndugu wa baba, na kwa ajili ya maneno yale nyumba mbili za ukoo ziliacha kusalimiana. Na kila asubuhi, ili nipate nguvu, nilinunuliwa maandazi. Watoto wengine waliyapata sikukuu. Mimi niliyapata kila siku, kwa sababu nilikuwa mgonjwa, na kila mtu aliona kwamba mgonjwa anastahili kitu kizuri.

Mwishowe mama alinipeleka hospitali ya misheni. Daktari alinibonyeza tumbo, akauliza maswali mengi kuhusu ninachokula, na maswali yote alimuuliza mama. Nilikuwa nimekaa kitandani katikati yao, miguu inaning'inia, wakizungumza kama watu wawili wanaojadili mbuzi. Kisha daktari akasema maneno ambayo niliyashika kwa moyo wangu wote: mtoto huyu asipewe ngano, hata kidogo, ngano ndiyo inayomuua.

Sasa, nyumbani kwetu ule unga wa maandazi tuliuita unga mweupe, au unga wa dukani. Neno ngano nililijua kutoka darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha muhula ule ule kwamba hadithi za kale, zile za sungura na fisi, huitwa ngano. Na bibi yangu mzaa baba, aliyekaa nyumba ya pili na yetu, alikuwa na ngano zisizokwisha. Kila tulipomaliza kula jioni tulimzunguka, akaanza.

Basi mimi nikaacha ngano. Bibi alipoanza kusimulia niliondoka nikaenda kukaa nyuma ya jiko, vidole masikioni. Tatizo lilikuwa nyimbo. Hadithi za bibi zote zina wimbo katikati, na watoto huitikia kwa nguvu, hata ungeziba masikio kwa nta wimbo ungepenya. Asubuhi tumbo likiniuma nilijua ni ule wimbo wa jana. Nyumbani maandazi yalikuwa yamekoma, nami nilidhani yamekoma kwa sababu korosho zilikuwa hazijauzwa. Kwa hiyo shuleni, mwenzangu yeyote akinimegea lake, nilipokea. Nilikula maandazi na kukimbia hadithi, kiangazi kizima, na nikazidi kukonda huku mama akiulizwa na kila mtu kama kweli anafuata masharti ya daktari.

Ni bibi aliyelalamika. Alimwambia mama kwamba mjukuu wake anamkimbia, na alitaka kujua nimefundishwa nini juu yake. Mama akaniita, akaniuliza. Nikamweleza kwamba daktari alisema ngano zitaniua, na mimi sitaki kufa. Watu wakisikia kisa hiki hucheka, na mimi huwaacha wacheke. Mama hakucheka. Alikaa chini pale pale uani, akanivuta mapajani kwake japo nilikuwa mkubwa kwa kupakatwa, akanieleza kwa Kimakua na kwa Kiswahili, polepole, kwamba ngano ni ule unga mweupe. Akaniambia jioni niende kwa bibi nikasikilize mpaka nichoke.

Tangu siku ile mama hakuniruhusu nitoke nyumbani bila kunifungia chakula. Iwe shule, iwe shambani kwa shangazi, iwe msibani, popote ambapo njaa ingenikuta mbali na jiko lake, nilikwenda na kifurushi. Na kufunga chakula cha kukaa juani kutwa nzima si kazi ndogo, wenye watoto wa namna yangu wananielewa. Muhogo aliuchemsha kwa chumvi tu, bila nazi, maana nazi huchacha kabla ya adhuhuri. Aliuacha upoe kabisa ndipo akaufunga, usije ukatoa jasho ukaanza utelezi. Unga wa mahindi aliuchanganya na ndizi mbivu zilizopondwa, akafunga donge kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni mpaka likalainika, akachemsha. Huo ndio uliokuwa mkate wangu, mzito, mtamu, unanukia jani na moshi. Msimu wa ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini ambayo mgeni akiiona sahanini hudhani ni vidole vya mtu, aliichemsha na kuipanga kama kuni. Vitumbua vya sokoni alinikataza, ingawa ni vya mchele, kwa sababu mara nyingi mafuta yake yalitangulia kukaanga maandazi. Alijifunza mambo hayo kwa kuniangalia mimi tu: nilichokula, nilichotapika, nilichokula tena.

Nikapona. Nikaota mashavu. Tumbo likarudi mahali pake, na mbio za mchakamchaka nikazimaliza.

Shuleni tulikuwa wawili tuliochekwa kwa sababu ya chakula. Mwenzangu aliitwa Kabula, binti wa Kisukuma. Familia yake ilikuwa imeshuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa wakaweka boma upande wa Lionja, naye alikaa kwa shangazi yake pale kwetu ili asome. Kabula alikuja na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikachemshwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Michembe inakaa mfukoni wiki nzima na haiharibiki. Tulibadilishana, mimi nikatafuna michembe yake, yeye akamenya ming'oko yangu. Wenzetu waliokuwa na maandazi walituita wala mizizi. Ajabu ya Mungu, wote tulitoka nyumba ambazo usiku zilikula ugali wa muhogo, na ardhi yetu ile haijawahi kuotesha hata bua moja la ngano. Ngano ilikuja kwa lori kutoka mbali, na kwa sababu ilitoka mbali ikawa heshima, na muhogo uliotukuza ukawa aibu. Nilikuwa mtoto, sikuwa na maneno ya kulisema hilo, lakini niliona kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Nilipokuwa darasa la sita shule yetu ilialikwa Ruangwa kwenye mashindano ya kwaya, ngonjera na kusimulia hadithi. Nilichaguliwa msimuliaji. Zile hadithi nilizozikimbia nilikuwa nimezifidia kwa pupa, na hakuna mtoto pale shuleni aliyezijua kama mimi. Nilikuwa nisimulie ile ya mwanamke aliyefunga mzigo wa kuni kwa chatu akidhani ni kamba. Bibi alinifanyisha mazoezi, akanifundisha mahali pa kunyamaza ili watu wavute pumzi.

Asubuhi ya safari mama alinifungia kifurushi kikubwa kuliko vyote: muhogo, mikate ya ndizi, karanga za kukaanga, na njugu mawe zilizochemshwa. Akaniambia nimgawie Kabula, aliyekuwa kwenye kwaya. Tukapanda kenta pamoja na walimu.

Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Serapia, mwalimu wa nidhamu, mwanamke nadhifu, mwimbaji mzuri. Sisemi alikuwa mtu mbaya siku zote. Kwaya ile aliifundisha yeye, na jua lilipomkuta mtoto amesimama bila viatu kwenye mchanga wa moto alimhamishia kivulini. Lakini kabla gari halijaondoka alipita na gunia, akakusanya vyakula vyote tulivyobeba. Alisema tunakwenda kama shule moja, tutakula chakula kimoja, tena kuna mfadhili amejitolea kutulisha, na yeye hataki kuaibishwa mbele ya shule za Ruangwa na watoto wanaomenya mihogo barabarani. Kifurushi changu kikaingia guniani. Gunia likawekwa mbele, miguuni pa dereva.

Mfadhili tulimkuta nje ya ghala la korosho pembezoni mwa mji. Alikuwa mfanyabiashara, mtu mnene mwenye kicheko kizuri, na alikuja na mtu wa kupiga picha. Mezani palikuwa na mikate ya slesi na ndoo ya juisi nyekundu. Kila mtoto alipewa slesi mbili, tukaambiwa tuzishike juu, tutabasamu, kisha tule. Nilimfuata Mwalimu Serapia, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba daktari amenikataza ngano.

"Hayo ni magonjwa ya Wazungu," akasema, si kwa sauti ya chini. "Mtoto wa Nambambo anakataa mkate?"

Watoto wakacheka. Nikaomba kifurushi changu. Akaniambia mtu mkubwa kama yule hakataliwi kitu mbele ya macho yake, na kwamba juisi haitagawiwa mpaka Somoe ale. Somoe ni mimi. Kabula akainua mkono, akasema mwalimu, akila anaumwa kweli, mimi namjua. Akaambiwa anyamaze. Wenzangu walikuwa na kiu, tumetoka mavumbini, na wote walikuwa wakinitazama mimi. Nikala.

Jambo ambalo halijaacha kuniudhi ni kwamba ulikuwa mtamu. Ulikuwa laini, ulimi wangu ulikuwa umeusahau na sasa ukaukumbuka, na kwa dakika chache nilifurahi. Picha ikapigwa nikiwa katika furaha hiyo, shavu limejaa.

Jua lilipokuwa utosini nilianza kuvimba. Kwanza mshipi wa sketi ukabana, kisha tumbo likaanza kunguruma na kusokota, kisha jasho la baridi. Mashindano yalikuwa yanaendelea, shule ya mbele yetu ilikuwa jukwaani. Nikakimbilia nyuma ya madarasa ya shule ile ya wenyeji wetu, nikatapika mpaka nikapiga magoti. Kabula alinifuata. Alinilegeza kifungo cha sketi, akanishikilia kichwa, akawa anasema maneno ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa ila niliyapenda.

Mwalimu Serapia akaja kututafuta, pamoja na mwalimu mwingine wa kike wa shule ile. Yule mwenyeji aliniangalia tumbo lililotoka nje ya sketi, akainama, akalibonyeza pembeni na chini kama manesi walivyokuwa wakitubonyeza sisi wasichana kila mwanzo wa muhula. Akamnong'oneza Mwalimu Serapia. Nikaona uso wa mwalimu wangu unabadilika. Kabula akafukuzwa arudi kwenye kwaya.

Mwalimu Serapia akachuchumaa mbele yangu, akaelekeza kidole tumboni kwangu.

"Hiki amekupa nani?"

Nakumbuka nilivyopata nafuu moyoni. Nilidhani amenielewa hatimaye. Nilidhani anauliza juu ya mkate, na pengine anataka kujua wa kulaumiwa ni nani.

"Mfadhili," nikasema.

Wakatazamana. Yule mwenyeji akaziba mdomo. Mwalimu Serapia akanipiga kibao, akaniuliza kama najua ninamtaja nani, mtu mzima mwenye heshima zake, mwenye mke na watoto.

"Lakini mwalimu," nikasema, "si wewe uliniambia hakataliwi?"

Kibao cha pili kilinifanya nikae chini kwenye matapishi yangu. Ndipo yule mwenyeji akalitaja neno mimba, na ndipo nilipofahamu kwamba tulikuwa tukizungumza mambo mawili. Nikajaribu kusema ni mkate, ni ule mkate, lakini pumzi ilikuwa imekata na kila nilipofungua mdomo kilitoka kilio tu. Kutoka uwanjani nilisikia msimamizi akiita jina la shule yetu, msimuliaji aje mbele. Akaita tena. Halafu akaita shule nyingine.

Nataka mnielewe vizuri hapa, wenzangu mliosoma zama zile. Mnajua msichana mwenye mimba alikuwa anafanywa nini. Hakuulizwa mara mbili. Alikusanya madaftari yake akaenda nyumbani, na habari ikaishia hapo. Nilikuwa bado sijavunja ungo. Kama walimu wale wawili wangeniuliza hilo tu, au wangeniuliza nilikula nini, au wangemsikiliza Kabula, yangekwisha. Walitazama tumbo, wakaona wanachokijua.

Nilirudishwa nikiwa nimelazwa sakafuni mwa kenta, nimefunikwa kanga ya mtu. Hakuna aliyeimba njiani. Habari ilikuwa imeshasambaa miongoni mwa watoto, na waliokuwa wamekaa karibu nami walisogeza miguu yao. Kabula peke yake alinilaza kichwa pajani kwake. Aliniambia baadaye kwamba gunia la vyakula vyetu lilirudi likiwa tupu. Dereva na walimu wa kiume walikuwa wamekula kivulini, na walisifia mikate ya ndizi.

Kwetu tulifika jua likizama. Mwalimu Serapia alinishusha mwenyewe, akanisimamisha uani mbele ya mama, baba na majirani waliokuwa wanapita, akasema mtoto wako ana mimba, na juu ya hapo anamsingizia mtu mkubwa. Baba akainuka. Mama akamwekea mkono kifuani bila kumtazama, akaja kwangu. Akaninusa mdomo. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza kutwa ile.

"Umekula nini?"

"Mkate."

Mama akageuka. Mama yangu Kiswahili alijifunzia sokoni, na herufi nyingine zilimshinda, neno mtoto alilitamka ntoto. Kwa kawaida mbele ya walimu alinyamaza. Siku ile alimuuliza Mwalimu Serapia chakula alichomfungia ntoto wake kimekwenda wapi. Mwalimu akasema hiyo si hoja. Mama akasema hiyo ndiyo hoja, hakuna nyingine.

Asubuhi mama alinipeleka zahanati kabla hata hajaombwa, akanipimisha kwa nesi aliyejulikana na kila mtu. Nesi akasema mtoto hana kitu. Tukaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikiwa bado natembea nimejikunja. Mwalimu mkuu akamsikiliza mama, akashusha pumzi, akasema basi tumshukuru Mungu, yamekwisha. Mama akasema hayajaisha. Shule nzima imeambiwa ntoto wangu ana mimba, sasa shule nzima iambiwe hana. Mwalimu mkuu akamwambia, kwa busara za kiofisi, kwamba mambo ya aibu hayatangazwi mstarini.

"Ya uongo mmeyatangaza," mama akasema. "Ya kweli ndiyo yana aibu?"

Akaombwa arudi nyumbani. Akarudi, lakini hakuliacha. Jumatatu, watoto walipojipanga mstarini, mama alitoka pembeni akasimama pale anaposimama mwalimu wa zamu. Alikuwa amevaa kanga zake za kwendea msibani. Nilikuwa kwenye mstari wa darasa la sita na nilitamani ardhi inimeze, nasema kweli, maana nilijua watakavyomcheka.

"Mimi ni mama yake Somoe," akasema. "Ntoto wangu hana mimba."

Wakacheka, walicheka lile neno ntoto. Mwalimu mkuu akampa ishara kiranja, kiranja akaipiga kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mlangoni pa ofisi. Mama akanyamaza mpaka kengele ikanyamaza. Akaanza upya, sentensi ile ile. Kengele ikapigwa tena. Basi akaacha kusimama mbele. Akaingia katikati ya mistari, akaanza na darasa la kwanza, akawa anapita akisema kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayeomba njia: ntoto wangu hana mimba, alilishwa kitu kinachomdhuru, tumbo likavimba, basi. Anasogea hatua kidogo, anasema tena. Kengele inalia, yeye anasema. Hakuna aliyecheka tena, labda kwa sababu mtu akisimama karibu yako na kukutazama machoni ni vigumu kumcheka. Alipofika kwetu Kabula akatoka mstarini, akamshika mkono, wakaenda pamoja mpaka darasa la saba.

Kisha mama akaenda nyumbani kupalilia.

Ningependa kusema kwamba waliomba radhi. Hawakuomba. Mwalimu Serapia hakunitazama tena usoni mpaka nikamaliza. Mwaka uliofuata walikwenda tena Ruangwa, wakachagua msimuliaji mwingine, mtoto aliyesahau katikati akaimba wimbo mara mbili. Picha ya mfadhili iliwekwa kwenye fremu, ikatundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kila nilipotumwa kupeleka madaftari nilijiona ukutani, shavu limejaa mkate, natabasamu. Minong'ono ilidumu. Hata nilipoposwa, miaka mingi baadaye, shangazi wa mchumba wangu aliuliza kama si mimi yule niliyewahi kutoa mimba shuleni. Kabula alinyamazisha nyumba nzima siku ile. Alikuwa amesafiri na mtoto mgongoni kutoka walikohamia na ng'ombe wao ili awe shahidi wangu, na alimjibu yule mama mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Mwaka jana nilimkuta Mwalimu Serapia sokoni Nachingwea, ananunua mbaazi. Amestaafu, amezeeka vizuri, mgongo bado umenyooka. Mdomo wangu ulimwamkia kabla moyo haujaamua. Ndivyo tulivyolelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama, akanitafuta, akanipata. Akaniuliza kama si mimi yule binti aliyekuwa mgonjwa mgonjwa, akasema walinihangaikia sana, siku moja wakanibeba mpaka nyumbani kutoka Ruangwa. Alilisema hilo kwa mapenzi, kama mtu anayekumbushia wema.

Nikamwambia kwamba alinipiga vibao viwili siku ile, na kwamba aliwaambia wazazi wangu nina mimba. Nilimweleza mkate, gunia, mfadhili, kila kitu, pale pale mbele ya mwuza mbaazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akasema hakumbuki jambo kama hilo, ila amefundisha watoto wengi, na uzee una mambo yake.

Akanishika bega.

"Mungu amsamehe aliyekukosea, mwanangu," akasema. "Kama yupo."

"Yupo, mwalimu," nikamwambia. "Ndiye niliyemwamkia sasa hivi."